SHAABANI IPI? TAREHE ZA RUFIJI NA KIBITI KATIKA VITABU NA KATIKA VINYWA VYA WAZEE

  

Imepokewa katika vitabu vya tarekhe kwamba katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) aliletewa hati ya deni ambayo wakati wake wa kulipwa uliandikwa kuwa ni mwezi wa Shaabani, basi. Mwaka haukutajwa. Sayyidna Umar akauliza ni Shaabani ipi: iliyopita, hii tuliyomo, au ile ijayo? Katika riwaya nyingine ni Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) aliyemwandikia khalifa kumweleza kwamba barua zake zinamfikia hazina tarehe. Masahaba wakakusanywa. Wako waliotaja hesabu ya Warumi, wako waliotaja hesabu ya Wafursi, na mwisho wakaafikiana kuanza kuhesabu tangu Hijra ya Mtume (s.a.w.). Hayo yalikuwa mwaka wa 16 au wa 17 wa Hijra yenyewe.

Kisa hiki wanafunzi wengi wanakijua. Linalowapita ni kwamba tarehe yetu haikuzaliwa katika sherehe wala katika fahari ya dola. Ilizaliwa katika hati ya deni, kwa sababu haki ya mtu ilikuwa mbioni kupotea. Mwenye kulikumbuka hilo hataiona elimu ya tarekhe kuwa ni pambo la watu wenye nafasi, wala hatashangaa tukiichukua hadi katika mikoko ya Rufiji na vijiji vya Kibiti, mahali ambapo swali la Sayyidna Umar bado linangoja jibu.

Meli ya watu wengine

Mwenye kwenda katika maktaba kubwa za Dar es Salaam, iwe ile ya Chuo Kikuu yenye sehemu yake ya East Africana au Maktaba Kuu ya Taifa, akauliza habari za delta ya Rufiji, aghalabu jambo la kwanza atakalowekewa mezani ni meli.

Ni manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa chini ya nahodha Max Looff. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia bandari ya Unguja na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga mashine zake zikitengenezwa. Kisha ikarudi kujificha katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba karibu na Salale. Tarehe 10 Novemba wakazamisha kwa makusudi meli yao kuukuu, Newbridge, katika mlango mmoja wa mto ili isitoke. Januari 1915 wakakitwaa kisiwa cha Mafia, na baadaye ndege zao zikawa zinaruka kutoka huko kwenda kuitazama kutoka angani. Mwisho zikaletwa manowari mbili zisizohitaji maji ya kina kirefu, Severn na Mersey. Ziliingia mtoni tarehe 6 Julai 1915, hazikufanikiwa. Zikarudi tarehe 11 Julai, na siku hiyo Looff akaamuru meli yake izamishwe na watu wake wenyewe.

Mizinga yake kumi iliopolewa na Wajerumani wakaivuta hadi vitani bara. Mmoja upo leo Mombasa, nje ya Ngome ya Yesu, pamoja na mzinga wa Pegasus, adui yake. Mwingine uko Pretoria, Afrika Kusini. Mabaki ya meli yenyewe yaliuzwa na kukatwa chuma chakavu, na mto ukameza yaliyobaki. Lakini vitabu havikuisha. Kevin Patience alichapisha chake mwaka 1997. Wilbur Smith alikwisha kuchukua mfano wa kisa hicho akatunga riwaya yake Shout at the Devil mwaka 1968, na mwaka 1976 ikawa filamu. Tunajua saa za mashambulizi, tunajua manowari zipi zilipigwa na zilipigwa wapi. Majina ya mabaharia waliokufa, wa pande zote mbili, yameandikwa.

Si haramu kusoma vitabu hivyo, na mwandishi wa makala haya amevisoma kwa faida. Vinasema kweli katika wanayoyasema. Ila ndani yake mwenyeji wa delta hupita kama kivuli: ni mvuvi aliyeulizwa njia, ni mpagazi aliyevuta kamba. Vipande vya mashine ya meli ile vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe na kurudishwa, na mizinga baadaye ikakokotwa vivyo hivyo, kwa mabega ya watu wengi mno. Ni nani hao? Walizikwa wapi waliokufa? Nani aliwasalia? Kitabu kinachojua uzito wa risasi ya mzinga hakina la kusema hapo.

Sasa tuchukue tarehe hiyo ya 11 Julai 1915 tuitie katika hesabu yetu. Kwa hesabu ya kalenda ni tarehe 28 Shaabani mwaka 1333 Hijria, ikizidi au ikipungua siku moja kwa sababu ya muandamo. Mwandishi alipofika hapo aliirudia hesabu mara tatu, kwa kuwa maana yake ni kwamba Ramadhani iliingia tarehe 13 au 14 Julai. Meli ilizama siku mbili tatu tu kabla ya mwezi kuandama! Wiki ile mizinga iliponguruma juu ya Salale na Kikale, Waislamu wa delta walikuwa wakihesabu siku za mwisho za Shaabani, na jioni moja, moshi ukiwa bado mtoni, walitoka kuutazama mwezi mwandamo. Vita yenyewe nayo ilikuwa imetangazwa na Waingereza tarehe 4 Agosti 1914, yaani katikati ya Ramadhani ya mwaka 1332. Kwa hesabu ya watu wa huku, basi, habari ya meli ile iko baina ya Ramadhani mbili. Hakuna kitabu cha Königsberg tulichokisoma kinachosimulia hivyo, kwa sababu aliyeandika hakuwa na sababu ya kuuliza.

Miaka 100 ya tukio hilo kwa kalenda ya miladi ilitimia tarehe 11 Julai 2015, ikaangukia katika kumi la mwisho la Ramadhani ya 1436. Kwa kalenda yetu karne ilikuwa imeshatimia zamani, Shaabani ya mwaka 1433, sawa na Julai 2012. Kila miaka 100 ya jua, hesabu ya mwezi hutangulia kwa takriban miaka mitatu. Jambo dogo hili lina fiqhi yake, nalo mfanyabiashara mwenye kutoa zaka analijua vizuri kuliko mwanahistoria.

Msomaji atauliza: je, makala haya yanatuita kwenye kuadhimisha siku? La. Khitilafu ya wanazuoni juu ya hauli na maulidi inajulikana, wako walioyaona ni mema na wako walioyakataa, na hapa si mahali pake. Kujua siku ya jambo ni kitu kimoja, na kuifanya siku hiyo ibada au sherehe ni kitu kingine. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, imetufahamisha kwamba miandamo ya mwezi ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Kipimo kipo ili kipimie kitu.

Mohoro na Ngarambe

Upande wa kusini wa mto tunakutana na tarehe nyingine, iliyo nzito zaidi kuliko meli. Mwaka 1904 alidhihiri huko Ngarambe mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale, akadai kushukiwa na pepo aitwaye Hongo, akawa anawapa watu maji aliyosema yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Habari zake zilisambaa kwa minong'ono iliyoitwa njwiywila katika lugha ya Kimatumbi. Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi waling'oa pamba ya mashamba ya kulazimishwa, na vita ikawaka. Kinjikitile mwenyewe alikamatwa akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Hiyo ni mwanzo wa Jumadal Akhira mwaka 1323, mwezi ambao wazee wetu wa pwani huuita Mfunguo Tisa. Vita viliendelea hadi 1907, vikaenea kusini yote. Makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa ni kwamba walikufa watu kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi la Kijerumani kuteketeza vyakula.

Songea, walikonyongwa wakuu wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906 (siku za mwanzo za Muharram ya 1324), ina makumbusho na ina siku yake kila mwaka. Mohoro, ambako kitanzi kilitangulia kwa zaidi ya miezi sita, aghalabu hupata sentensi moja katika kitabu cha shule.

Hapa inafaa tuseme neno kwa sababu magazeti na majarida ya Kiislamu, nayo yamejaa nia njema, mara nyingine yamekimbilia kuvifanya vita vya Maji Maji kuwa jihadi moja kwa moja. Na wako wenzetu wa upande wa pili ambao wakisikia maji na mapepo huvitupa vyote kuwa ni ushirikina, wasitake hata kuvisoma. Pande zote mbili zina haraka. Maji ya kugeuza risasi hayana nafasi katika tauhidi na hatuna haja ya kuyatafutia udhuru. Lakini pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vilikuwa dhulma, na mwenye kudhulumiwa haki yake haipotei kwa sababu alikosea dawa. Tena ni lazima tukiri kwamba Waislamu walikuwako pande zote. Maakida wengi waliowatumikia Wajerumani, waliokusanya kodi na kusimamia mashamba hayo ya pamba, walikuwa Waislamu wa pwani. Na nyumba zao zilikuwa miongoni mwa za kwanza kushambuliwa. Mwenye kuandika tarekhe akalificha hilo, tutamwamini vipi katika mengine? Ama nani kati ya waliokufa ni shahidi mbele ya Mwenyezi Mungu, hilo si la makala wala la maktaba.

Mtafiti Felicitas Becker, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu kuenea kwa Uislamu Tanganyika, ameonyesha kwamba watu wengi wa vijiji vya kusini-mashariki waliingia katika dini katika miongo iliyofuata vita hivyo. Lililotokea katika moyo wa mtu aliyeona maji yameshindwa, kisha mwanawe akasoma alifu kwa kijiti mbele ya mwalimu, ni katika mambo ambayo tungependa sana kuyajua kwa maneno ya watu wenyewe.

Na maneno ya watu wenyewe yanawezekana kupatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walitumwa vijijini kuwauliza wazee waliokumbuka Maji Maji. Gwassa na John Iliffe wakakusanya sehemu ya shahada hizo katika kijitabu kidogo, Records of the Maji Maji Rising. Mwanafunzi wa elimu ya hadithi akikishika atakuta kitu anachokijua. Msimulizi anatajwa, mahali pake panatajwa, na linatengwa aliloliona na aliloambiwa. Hawakukitia jina la sanad, lakini ndiyo sanad. Bila wanafunzi wale, tungebaki na ripoti za maofisa waliowanyonga.

Kwa nini delta haina magofu

Kilwa ina msikiti wake mkuu wa mawe. Mafia ina magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani. Kizimkazi, Unguja, pana mihrabu yenye maandishi ya mwaka 500 Hijria. Delta iko katikati ya miji hiyo, na mgeni hupita kwa boti kutoka Nyamisati kwenda Mafia asione jiwe hata moja lililosimama, akadhani hapakuwa na watu.

Watu walikuwako, na wa zamani sana. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1999 habari za shanga za Kirumi zilizofukuliwa katika eneo la delta ya Rufiji, na wako wataalamu wanaouhesabu mwambao huu miongoni mwa mahali palipoweza kuwa Rhapta, bandari waliyoitaja Wayunani karibu miaka elfu mbili iliyopita. Ibn Battuta alipotoka Mombasa kwenda Kilwa mwaka 1331 (731 H) alipita baharini mwambao huu huu, akasifu dini ya watu wa miji hiyo miwili na kutaja kuwa ni wafuasi wa Imam Shafii.

Delta ilijenga kwa mti, na mti huoza. Msikiti wa nguzo za mkoko, kuta za udongo na paa la makuti hudumu umri wa mtu mmoja ikiwa mafuriko yatauachia. Cha ajabu ni kwamba mti huo huo ndio ulioyabeba majumba ya mawe ya wengine. Boriti za mkoko na mkandaa kutoka Rufiji zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi kwenda Unguja, Arabuni na Ghuba, na upana wa vyumba vya nyumba za kale za mwambao ulifuata urefu wa boriti. Alan Villiers, baharia wa Australia, aliabiri jahazi la Kikuwaiti la nahodha Ali al-Najdi mwaka 1939 hadi ndani ya delta, wakapakia boriti, na akayaeleza hayo katika kitabu chake Sons of Sinbad cha mwaka 1940. Wakuwaiti huziita boriti hizo chandal, nazo zingali zinaonekana darini mwa nyumba zao za kale. Kwa hiyo mtu akitaka kuona turathi ya Rufiji iliyosimama, huenda ikambidi aende akatazame dari za watu.

Palipokosekana jiwe, kilichobaki ni ulimi. Na hapo ndipo fiqhi inapoingia.

Wakfu na ushahidi wa kusikia

Katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wetu wa madhehebu ya Shafii hukifikia baada ya vile vidogo, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H) anazungumza katika mlango wa ushahidi juu ya tasamui, yaani mtu kushuhudia kwa jambo lililoenea vinywani mwa watu wengi ingawa yeye mwenyewe hakulishuhudia. Nasaba huthibiti kwa njia hiyo. Kifo pia. Ama wakfu, Imam Rafii (aliyefariki mwaka 623 H) alielekea kwamba hauthibiti kwa tasamui. Imam Nawawi akamrekebisha, akasema iliyo sahihi zaidi kwa wahakiki na kwa walio wengi ni kwamba unathibiti. Sharti lake ni kwamba habari isikiwe kutoka kwa kundi la watu ambao haielekei wakakubaliana juu ya uongo.

Hii ni rehema kubwa kwa nchi kama Rufiji. Msikiti wa kijiji cha delta usiokuwa na karatasi hata moja, uliojengwa na watu wasiojulikana majina, ni wakfu kamili kisheria kwa kuwa kijiji kizima kimesikia hivyo kwa waliotangulia. Ila kuna mlango ambao rehema hiyo haiupiti, na maimamu wengi hawaushughulikii. Fatwa ya Imam Nawawi mwenyewe ni kwamba kinachothibiti kwa tasamui ni asili ya wakfu. Masharti yake na maelezo yake hayathibiti kwa njia hiyo. Watu wote wanajua kwamba minazi ile ni ya wakfu. Lakini je, ni ya mafuta ya taa ya msikiti, au ya chakula cha wanafunzi wa chuo, au ya sanda za maskini? Ukoo uliotoa umebaki na haki ya kusimamia, au hapana? Hayo hayathibiti kwa kuenea midomoni. Yanahitaji shahidi aliyesikia kwa mtoaji, au hati iliyoshuhudiwa; na hati yenyewe, katika madhehebu yetu, mwandiko mtupu bila ya mashahidi wanaoyakumbuka yaliyomo hauna nguvu. Aya ya deni, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imeamrisha kuandika na imeamrisha mashahidi, vyote viwili.

Rufiji mambo haya yana uchungu wa pekee kwa sababu watu wamehamishwa na mto umehama. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na watu wengi wa bondeni wakatolewa katika mashamba yao ya mlau, walikokuwa wakipanda baada ya maji kupwa, wakapelekwa katika vijiji vya ujamaa vya nchi ya juu. Mtu alichukua mikeka na sufuria zake. Msikiti haukuchukulika, wala kaburi. Hukumu ya madhehebu yetu ni wazi, nayo imo katika Minhaj hiyo hiyo: msikiti ukibomoka na ikashindikana kuurudisha, hauuzwi kwa hali yoyote. Mahali pale ni msikiti hata pakiota magugu. Wanazuoni wa Kihanbali wameruhusu kuuza na kuhamishia thamani yake mahali pengine panapohitajiwa, na wako wanaoona kauli yao ndiyo inayofaa hali kama hii. Mjadala huo ni mzuri, ufanywe. Lakini kauli zote mbili zinahitaji kwanza mtu anayeweza kutembea bondeni akasema: kibla kilikuwa hapa, kisima hapa, makaburi yanaishia kwenye mkwaju ule.

Na mipaka? Mara ngapi mpaka wa shamba ni mto? Mafuriko ya miaka ya 1970 yalisukuma sehemu kubwa ya maji kwenda mikono ya kaskazini ya delta, mahali penye chumvi pakawa pa mpunga, na penye mpunga pakabadilika. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha tena nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Hati inayosema upande wa mashariki ni mto, bila ya kusema mwaka, ni ile ile hati ya Shaabani iliyoletwa mbele ya Sayyidna Umar.

Thamani ya ardhi nayo haikukaa kimya. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lilimaliza zama za kungoja kivuko Ndundu, na barabara ya kusini ikageuza vijiji kuwa miji. Kibiti, iliyokuwa sehemu ya Rufiji, imekuwa wilaya peke yake katika miaka ya 2010. Kati ya 2015 na 2017 jina lake lilijaa magazetini kwa sababu ya mauaji ya askari na viongozi wa vijiji, na vijana wengi wa mbali wakitajiwa Kibiti bado hilo ndilo wanalolikumbuka. Mahali pasipoandikwa na wenyewe huandikwa na msiba wake. Lakini kesi zinazofika kwa masheikh wa huko haziko magazetini: ni kiwanja cha kando ya barabara, kimepanda bei, na mjukuu mmoja anasema babu alitoa wakfu, mwingine anasema aliazima tu.

Kumuuliza mzee

Mzee hatakwambia mwaka 1333. Atakwambia mwaka wa njaa fulani, mwaka wa maji makubwa, kabla ya Operesheni, babu yangu alipokuwa kijana wa kubalehe. Mwanafunzi asiye na subira hufunga daftari akasema hapana tarehe. Tarehe ipo, inasubiri kigingi cha kufungia, na vigingi hivyo viko maktabani, katika vitabu vile vile tulivyovilalamikia. Mzee akisema baba yake alimwambia kuwa msikiti uliezekwa kwa mara ya kwanza katika Ramadhani iliyofuata mizinga ya mtoni, imamu anayejua kitabu cha meli ataandika kwa kujiamini: Ramadhani 1333, Julai au Agosti 1915. Akisema mnazi ulipandwa mwaka ambao majahazi ya Arabuni yalikuwa bado yakija kuchukua boriti, tumepata mpaka wa upande mmoja. Akisema babu alifika kutoka Matumbi akikimbia vita akiwa mtoto mgongoni, tunajua tuko baina ya 1323 na 1325. Kitabu cha mgeni na ulimi wa mwenyeji hukutana hapo, na kila kimoja kinamhitaji mwenzake.

Yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi yoyote ambayo mwandishi anaiweza, na yasomwe mbele ya mzee na mbele ya watu wawili waadilifu wanaojua wanachokitilia mkono. Asipojua, iandikwe kuwa hajui. Nakala moja ikae msikitini mahali pasipofikiwa na mchwa wala maji, na nyingine mbali na mto.

Wanafunzi wale wa Chuo Kikuu waliwafuata wazee wa Maji Maji wakati vita vimepitiwa na miaka ipatayo 62. Waliwakuta wachache, lakini waliwakuta. Kutoka Operesheni Rufiji ya 1968 hadi leo imepita karibu miaka hiyo hiyo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku alipobeba mkeka wake kutoka bondeni, akauacha nyuma msikiti alimosomea, sasa anakaribia miaka 80, na yumkini Ijumaa hii atakuwa safu ya mbele.